Kabla ya Kutia Sahihi: Utafiti wa Dawa na Mgonjwa wa Goma

Neno linalotisha ni "majaribio". Mama ameketi kando ya kitanda hospitalini Keshero, mtoto ana serumu mkononi, homa haijashuka tangu usiku. Anakuja mtu mwenye koti jeupe, ameshika karatasi nne za Kifaransa, anamwambia kuna utafiti. Masikioni mwa mama huyo utafiti ni majaribio, na majaribio ni kobayi, yule mnyama mdogo anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu, anayelishwa majani mpaka siku ya sufuria. "Wanataka kutufanya kobayi." Maneno hayo tuliyasikia sana wakati wa Ebola, Beni, Butembo na hapa Goma, na leo bado yanasemwa.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilifanya utafiti wa dawa yake mpya kwa watoto karibu 200. Baadhi ya wazazi walisema baadaye kwamba hawakuelezwa kuwa huo ulikuwa utafiti. Kampuni ilikana kosa, kesi ikadumu miaka mingi, na mwaka 2009 ikafikia mapatano na jimbo la Kano ya dola milioni 75. Mtu anayekataa karatasi kwa sababu amesikia habari kama hizo si mjinga. Anakumbuka.

Kukataa ni haki yake, na kukubali pia ni haki yake. Lakini haki zote mbili zinataka mtu ajue anaombwa nini, na hayo ndiyo nitakayoeleza hapa kadiri ninavyoweza.

Serumu iliyokuwa inaua

Watu wengi wa mji wetu hawahisi wametibiwa mpaka watundikiwe serumu. Mtoto akirudi nyumbani bila alama ya sindano, bibi yake atauliza pesa zilikwenda wapi. Madaktari nao, kwa miaka mingi, walikuwa na imani inayofanana na hiyo kuhusu mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri: mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, mwili umelegea. Vitabu vilisema mtoto huyo aongezewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Hospitali za Ulaya zilifanya hivyo. Hospitali zetu, zenye wagonjwa wengi na mashine chache, hazikuwa na uhakika kama zifanye hivyo au la, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulipima jambo hilo kwa watoto wengi wa huku.

Kati ya 2009 na mwanzo wa 2011 likapimwa. Utafiti uliitwa FEAST, ukaongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka Kilifi, Kenya, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000. Kila mtoto alipata matibabu yake ya kawaida: dawa ya malaria, antibiotiki, damu kama imepungua, na maji ya kumtosha. Tofauti ilikuwa moja tu. Kwa kura, watoto wengine walimiminiwa maji ya ziada kwa haraka, wengine hawakumiminiwa. Baada ya saa 48 watafiti wakahesabu. Kati ya walioongezewa maji, karibu asilimia 10.5 walikuwa wamefariki. Kati ya wasioongezewa, asilimia 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia hesabu ilipoona hivyo ilisimamisha kazi kabla idadi ya watoto iliyopangwa haijatimia.

Nimelichagua tukio hili kwa sababu moja. Hakuna daktari wala muuguzi ambaye angeliona jambo hilo kwa macho yake wodini. Mtoto aliyemiminiwa maji mara nyingi alionekana kupata nafuu katika saa ya kwanza, mikono ikapata joto, mama akashukuru. Kesho yake akifa, kila mtu alisema malaria imemshinda. Tofauti ya watoto 3 katika kila 100 haionekani kwa jicho, hata jicho la daktari mwenye miaka 30 kazini. Inaonekana kwa kuhesabu, na kuhesabu hakuna maana kama makundi mawili yanayolinganishwa hayakugawanywa kwa haki. Kura ipo kwa ajili hiyo. Daktari akichagua mwenyewe nani apewe nini, atampa dawa mpya yule anayemwonea huruma zaidi, au yule mwenye nguvu zaidi, na mwishoni hatajua kilichoponya ni dawa au ni nguvu za mgonjwa.

Hapa nikutahadharishe, maana tunaishi kando ya Ziwa Kivu na kipindupindu ni jirani yetu wa miaka mingi: matokeo hayo hayahusu mtoto anayeharisha. Watoto wenye maji yaliyopungua mwilini kwa kuhara hawakuingizwa kwenye utafiti huo. Mwenye kipindupindu anahitaji maji, mengi na mapema, na akicheleweshewa atakufa. Dawa ni ile ile, serumu, lakini katika ugonjwa mmoja inaokoa na katika mwingine, ikimiminwa vibaya, inadhuru.

Sindano ya malaria kali anayochomwa mtoto leo, artesunate, nayo ina historia kama hiyo. Kwa muda mrefu tulitegemea kinini. Utafiti ulioitwa AQUAMAT uliwafuatilia watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kongo na Rwanda zikiwemo, na matokeo yakatoka mwaka 2010: kwa kinini walifariki asilimia 10.9, kwa artesunate asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani, OMS, likapendekeza artesunate iwe dawa ya kwanza kwa watoto wa Afrika. Kila mzazi ambaye mtoto wake amechomwa sindano hiyo amefaidika na wazazi wa watoto hao 5,425 waliokubali walipoulizwa.

Kutoka Kikwit mpaka Katwa

Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliokwisha kupona. Saba wakapona. Kwa ugonjwa uliokuwa ukiua wengi kiasi kile, nani angehitaji ushahidi mwingine? Lakini wagonjwa hao walipewa damu mwishoni mwa mlipuko, wakati huduma ilikuwa imeboreka, na baadhi yao walikuwa wamezivuka siku mbaya zaidi. Hawakuwa na kundi la kulinganishwa nalo. Miaka 20 baadaye, huko Guinée, wagonjwa 84 walipewa sehemu ya majimaji ya damu ya waliopona, na haikuonekana tofauti ya wazi ya vifo.

Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye amekuwa akipambana na Ebola tangu ilipojulikana Yambuku mwaka 1976, hakuiacha njia hiyo. Kutoka kwenye damu ya mtu aliyepona Kikwit wanasayansi walitenga kingamwili moja, askari mmoja wa mwili kati ya wengi, wakajifunza kuitengeneza kwa wingi. Ikaitwa mAb114.

Mlipuko wetu ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina. Wakati huo kulikuwa na dawa nne mkononi na hakuna aliyejua ipi bora. Tarehe 20 Novemba mwaka huo ulianza utafiti uliopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, iliuendesha pamoja na taasisi ya afya ya Marekani, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Walipokelewa watu wa umri wowote, wajawazito na watoto wachanga wakiwemo. Kila mmoja alipewa dawa. Hakuna aliyepewa maji matupu. Kura ilichagua tu ni dawa ipi kati ya nne, na huduma nyingine zote zilikuwa sawa kwa wote.

Wasomaji wa Goma wanakumbuka hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilivamiwa, vikachomwa moto, katika siku chache. Wauguzi waliokuwa wakiandika joto la mgonjwa kila saa walikuwa vijana wa huku, wenye familia huku, na baadhi yao walikuwa wakificha kazi yao hata kwa majirani. Katika hali hiyo wakaendelea kuhesabu, na kufikia Agosti walikuwa wamepokea wagonjwa 681.

Tarehe 9 Agosti 2019 kamati huru ikasema inatosha, jibu limepatikana. Katika muda wa siku 28, waliopewa ZMapp walifariki asilimia 49.7. Waliopewa remdesivir, asilimia 53.1. Waliopewa mAb114, ile ya damu ya Kikwit, asilimia 35.1. Na waliopewa REGN-EB3, asilimia 33.5. Dawa mbili za kwanza ziliachwa, wagonjwa wote waliofuata wakapewa mbili za mwisho. Hapa Goma, ambako mgonjwa wa kwanza aligunduliwa tarehe 14 Julai, mama mmoja na mtoto wake mdogo waliotibiwa kwa dawa hizi mpya walitoka wakiwa wamepona katika juma hilo hilo matokeo yalipotangazwa, ingawa baba wa mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Ndani ya hesabu hizo kuna habari nyingine ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila kanisa na kila msikiti wa Goma. Waliofika kituoni siku moja tu baada ya dalili kuanza, walifariki asilimia 19. Waliofika baada ya siku 5, asilimia 47. Na waliofika virusi vikiwa bado vichache katika damu, wakapewa mojawapo ya dawa mbili bora, ni kama mmoja tu kati ya kumi aliyefariki. Kuwahi kituoni huenda kuliokoa watu wengi kama dawa yenyewe.

ZMapp ilikuwa inaaminiwa kuliko zote, na si kwa uvumi. Katika Afrika Magharibi mwaka 2015 ilikuwa imepimwa kwa wagonjwa wapatao 70, ikaonekana inasaidia, ila mlipuko ukaisha kabla idadi haijatosha kuthibitisha. Kwa hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa kipimo cha nyingine. Kama wagonjwa wa Beni na Katwa wasingekubali, huenda mpaka leo tungekuwa tunampa mgonjwa dawa ya tatu kwa ubora tukidhani ni ya kwanza.

Ninalo pia la kulalamikia. Mwaka 2020 Marekani iliziidhinisha zile dawa mbili bora, mAb114 na REGN-EB3, na Agosti 2022 OMS ikazipendekeza kwa dunia nzima. Lakini Médecins Sans Frontières walilalamika hadharani kwamba akiba kubwa ya dawa hizo ilikuwa ikiwekwa Marekani, kwa ajili ya usalama wa Marekani, huku nchi zinazoshambuliwa na Ebola zikisubiri misaada. Dawa iliyothibitishwa kwa miili ya watu wa Kivu Kaskazini haipaswi kuwa ngumu kupatikana Kivu Kaskazini. Ndiyo sababu kati ya maswali nitakayokupa, hilo la "ikifaulu, sisi tutaipata vipi?" ni zito kuliko linavyoonekana.

Dawa isiposaidia

Watu hudhani utafiti uliofaulu ni ule uliopata dawa. Si hivyo. Mwaka 2024 mpox ilipokuwa ikienea mpaka kwenye kambi za wakimbizi za pembeni mwa Goma, wengi walisikia kuna kidonge kinaitwa tecovirimat. INRB ilikuwa tayari inakipima, chini ya jina lile lile la Pamoja Tulinde Maisha, huko Tunda katika Maniema na Kole katika Sankuru. Watu 597 waliingia. Safari hii kundi moja lilipata dawa, na jingine lilipata kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa ndani, ambacho watafiti hukiita plasibo. Tarehe 15 Agosti 2024, siku moja baada ya OMS kutangaza mpox kuwa dharura ya dunia, jibu likatolewa: dawa haikufanya vidonda vipone haraka zaidi.

Wapo waliosikitika. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Katika makundi yote mawili, walifariki asilimia 1.7 tu, ilhali nchini kwa kawaida walikuwa wakifariki asilimia 3.6 au zaidi. Inaelekea kilichowasaidia ni kulazwa, kula vizuri, kuoshwa vidonda, na kutibiwa malaria na magonjwa mengine yaliyoambatana na mpox. Maana yake kwa mgonjwa wa Goma ni kwamba asiuze godoro akatafute kidonge hicho sokoni. Aende mapema mahali penye muuguzi na chakula.

Plasibo huwaudhi watu, na ninawaelewa. Kanuni ni hii: haitakiwi kutumika kumnyima mtu tiba ambayo imekwisha kuthibitishwa. Pale ambapo tiba iliyothibitishwa haipo, kama ilivyokuwa kwa mpox, inaruhusiwa, mradi kila mtu apate huduma nyingine zote na aambiwe wazi kabla kwamba huenda kura ikamwangukia upande huo.

Karatasi ikiwa mbele yako

Swali la kwanza ni jepesi na watu wengi hawaliulizi: "Dokta, haya unayotaka kumfanyia mtoto ni matibabu yake ya kawaida, au ni utafiti?" Dokta mmoja anaweza kufanya yote mawili siku moja, na wewe una haki ya kujua sasa hivi amevaa kofia gani. Akijibu kwamba ni utafiti, mwombe akueleze kwa lugha unayoota nayo. Karatasi ya Kifaransa haikufungi kama hukuelezwa kwa Kiswahili, Kinande, Kihunde, Kinyarwanda au lugha yoyote unayoielewa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wa utafiti huo, ndipo aweke dole gumba, na shahidi naye atie sahihi. Baada ya maelezo, mtafiti mzuri atakuomba umsimulie ulivyoelewa. Usione aibu. Anajipima yeye kama ameeleza vizuri.

Omba muda. Kama mgonjwa hayuko hatarini, una haki ya kurudi nyumbani na karatasi, kuongea na mume au mke, na shangazi, na mchungaji au imamu. Hali ikiwa ya kufa na kupona, baadhi ya tafiti huruhusiwa na kamati ya maadili kupokea ridhaa ya mdomo kwanza, halafu maelezo kamili na sahihi mtoto akitulia. FEAST ilifanya hivyo. Hata hapo, baada ya kuelezwa unaweza kusema hapana. Mtoto aliyekua kiasi cha kuelewa naye aulizwe, hata kama sahihi ni ya mzazi.

Uliza: "Nikikataa, mtoto atatibiwa vipi?" Jibu sahihi ni moja tu, kwamba atatibiwa kama wagonjwa wengine wote, na hakuna atakayemnunia. Swali pacha wake ni: "Nikikubali leo, kesho nikibadili nia?" Unaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu. Ukisikia hata kivuli cha kitisho katika majibu hayo, rudisha karatasi.

Kisha uliza kuhusu kura. Kuna makundi mangapi? Kila kundi linapata nini? Je, dawa hii imekwisha kupimwa kwa watu wangapi, na iliwafanya nini wale iliowadhuru? Hakuna dawa isiyo na madhara, hivyo mtu anayekuambia "haina madhara kabisa" hajakuambia kitu. Uliza kuhusu damu, maana kwetu damu ni jambo zito: watachukua kiasi gani, mara ngapi, itapimwa wapi, itakaa miaka mingapi, itavuka mpaka? Waombe wakuonyeshe kwa kijiko. Mara nyingi kiasi ni kidogo kuliko watu wanavyohofia, lakini ni juu yao kukuonyesha, si juu yako kukisia. Kama wewe ni mjamzito au unanyonyesha, au unatumia dawa nyingine hata ya mitishamba, sema, hata kama hawajakuuliza.

Pesa. Kuingia kwenye utafiti hulipii. Vipimo na dawa za utafiti ni bure, na ukipata madhara kwa sababu ya dawa hiyo, matibabu ni juu yao, iandikwe kwenye karatasi. Wanaweza kukurudishia nauli ya pikipiki na fidia ndogo ya siku uliyopoteza. Kiasi kikubwa kinachomfanya maskini ashindwe kusema hapana hakiruhusiwi. Na nisilifiche hili: Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti kwamba wakati wa Ebola wanaume walioajiriwa katika huduma ya dharura, 21 kati yao wakiwa wa OMS, walituhumiwa kuwadhulumu wanawake kingono, mara nyingi kwa ahadi ya kazi. Jumla ya watuhumiwa ilikuwa 83. Dada yangu, mtu yeyote anayekuomba mwili wako ili uingie kwenye orodha, au upate dawa, au upate kazi ya utafiti, huyo si mtafiti. Hakuna utafiti halali wenye sharti hilo. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo.

Uliza kuhusu ruhusa. Utafiti halali umepitiwa na kamati ya maadili hapa Kongo, na ofisi ya zone yenu ya afya inaujua. Pia una namba kwenye daftari la kimataifa ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua bure kwa simu. Namba ya ule wa Ebola ni NCT03719586. Daftari la Afrika nzima linaitwa PACTR na linatunzwa Afrika Kusini. Mpe namba kijana wako anayesoma chuo, ataona ndani ya dakika tano nani anafadhili, wanapima nini, na walianza lini. Utafiti usio na namba una kasoro, hata kama aliyeuleta ana gari jipya lenye antena.

Na uliza mwisho wake: "Mtarudi kutuambia mlichokipata?" Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu watu wetu wametoa damu mara nyingi na kuambiwa matokeo mara chache. Mkiwa mtaa mzima mnaulizwa pamoja, muulizeni reko wenu, yaani mhamasishaji wa afya wa mtaa, na reko awaulize wakubwa wake, mpaka jibu lipatikane.

Mitaa miwili ya Goma inalijua jambo hili la kuulizwa mtaa mzima kuliko mingine. Tarehe 14 Novemba 2019, Majengo na Kahembe ilianza kupokea chanjo ya pili ya Ebola, ya Johnson & Johnson, ambayo ni ya dozi mbili zinazoachana siku 56. Ilikuja baada ya ubishi mkubwa. Waziri wa afya wa wakati huo, Oly Ilunga, alikuwa akiipinga isiletwe, akisema haijathibitishwa na itawachanganya watu. Alijiuzulu Julai mwaka huo baada ya Rais kumkabidhi Muyembe uongozi wa mapambano dhidi ya Ebola. Zaidi ya watu 20,000 walipata dozi ya kwanza. Kisha ikaja Covid, mwezi Machi 2020 mpaka wa Gisenyi ukafungwa, na wale wanaoishi kwa kuvuka kila asubuhi wakajikuta dozi moja iko upande huu na wao wako upande ule. Ubishi wa waziri na wataalamu uliwatia watu wasiwasi, lakini mimi nauona tofauti. Chanjo ambayo watu wakubwa wameigombania hadharani ni rahisi kuihoji kuliko ile iliyoletwa kimya kimya.

Nje ya hospitali

Si kila mtu ataombwa kuingia kwenye utafiti, ila kila mtu ataletewa dawa "iliyopimwa". Itakuja kwenye chupa, kwenye redio, kwa mtu wa duka la dawa ambaye hakusomea, kwa ujumbe wa WhatsApp wenye picha ya daktari. Ushuhuda wake utakuwa kwamba jirani fulani alipona. Ushuhuda huo ni wa Kikwit: watu 7 kati ya 8, na bado haukutosha. Muulize muuzaji ilipimwa kwa wangapi, ikilinganishwa na nini, na waliokufa walikuwa wangapi. Kama hajui idadi ya waliokufa, hakuna aliyehesabu.

Ukikubali kuingia kwenye utafiti, nakala moja ya karatasi yenye sahihi yako ni ya kwako. Usikubali kutoka bila hiyo. Waandike juu yake jina la utafiti, tarehe ya kila dozi, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Iweke kwenye mfuko ule wa plastiki wenye kadi ya chanjo ya mtoto na cheti cha kuzaliwa, mfuko unaokamatwa kwanza siku ya kukimbia, kama Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na barabara ya Sake ikajaa watu wenye magodoro kichwani. Huko utakakolala, muganga asiyekujua atataka kujua mtoto alipewa nini, na lini.